Risasi ya tola moja

Leo sileti habari ya mapigano. Kwetu huku Kivu ya Kaskazini risasi tunaijua kwa sikio. Mtoto wa miaka sita anaweza kukuambia kama mlio umetoka mbali au karibu, kama ni wa mtu mmoja au ni wengi wanaojibizana, na kama ni wakati wa kulala chini au wa kubeba godoro. Tunaijua pia kwa miguu, sababu imetutembeza. Lakini risasi yenyewe, kitu kile cha shaba kinachoenea mkononi, imeundwa vipi na kwa nini inafika pale inapofika, wengi wetu hatujawahi kuuliza. Anayekimbia haulizi.

Mimi nimelazimika kuuliza, sababu jambo hilo limeingia ndani ya familia yetu na kutugawa.

Yaya wangu anaishi Missoula, mji wa jimbo la Montana, kule Marekani. Alitokea kambini Uganda. Mji huo ulianza tena kupokea wakimbizi mwaka 2016, na Wakongomani walikuwa kati ya familia za kwanza. Leo anafanya kazi ya usafi, watoto wake wanasema Kiingereza hata wakiota ndoto, na baridi ya kule ameizoea. Mwaka jana, mwezi wa kumi, alituma picha kwenye kundi la WhatsApp la familia: meza ya mbao, mizani ndogo, daftari, na risasi hamsini zimesimamishwa kwa mistari kama askari kwenye gwaride. Chini yake aliandika: "Mama, nimejifunza kuzitengeneza mwenyewe. Ni za kuwinda tu."

Mama anaishi nasi hapa Butembo tangu tulipohama eneo la Bapere. Aliishika simu, akaitazama ile picha kwa muda mrefu, akanirudishia. "Mwambie aitoe mbele ya macho yangu," akasema. Majuma mawili hakupokea simu ya mwanawe.

Nawaelezeni kwa nini. Mzee wetu alikuwa mwindaji. Alikuwa na bunduki ya kalibre 12, ya mdomo mmoja, pamoja na karatasi zake zote, kama sheria ya mwaka 1982 juu ya uwindaji na ile ya mwaka 1985 juu ya silaha zinavyodai. Kartushi alikuwa akizinunua moja moja, kama watu wanavyonunua sukari kwa kijiko wakati wa shida. Usiku mmoja watu wenye silaha walikuja wakaichukua ile bunduki. Kuichukua ilikuwa dakika tano. Usiku wote uliobaki walikuwa wakimuuliza mama: "Kartushi nyingine ziko wapi?" Hazikuwepo. Alisimama mlangoni mpaka kulipopambazuka akijibu swali lilelile, na sisi watoto tumelala chini ya kitanda tukihesabu pumzi. Mzee alikufa miaka kadhaa baadaye, kwa ugonjwa. Ila mama husema mzee alianza kufa usiku ule.

Basi mwenye kumbukumbu hiyo akiona risasi hamsini kwenye meza ya mtoto wake, utamwambia nini?

Nilikuwa katikati ya mama na yaya. Nikafanya kazi ninayoijua, yaani kuuliza. Kwa majuma kadhaa nilimpigia yaya usiku wetu, mchana kwao, nikaandika kila alichonieleza, kisha nikamsomea mama asubuhi jikoni. Sikumwambia akubali. Nilimwomba asikilize tu.

Aliyemfundisha yaya ni mzee jirani, Mhmong kutoka Laos. Hao nao ni watu wa vita kama sisi: walikimbia nchi yao baada ya mwaka 1975, na familia nyingi zikafika Missoula. Wahmong ni wawindaji tangu zamani. Siku ya kwanza walipozungumza kwenye uzio, mzee huyo alimuuliza yaya, "Baba yako alifanya kazi gani?" Yaya akajibu, "Alikuwa mwindaji." Yule mzee akafungua mlango wa gereji yake.

Risasi moja ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba ya njano. Kuna kidude kidogo kwenye kitako chake, ambacho kikigongwa hutoa cheche. Kuna baruti ndani. Na kuna kichwa, kile kinachoruka. Kiwandani wanaunganisha vitu hivyo kwa maelfu, kwa kipimo kinachofaa bunduki zote za aina moja. Lakini bunduki mbili za aina moja hazifanani kabisa, kama vile sufuria mbili za fundi mmoja haziivishi maharage kwa muda uleule. Mwindaji anayetaka kupiga mbali hutafuta kipimo ambacho bunduki yake yenyewe inakipenda. Ganda halitupwi. Likishapigwa husafishwa, hurudishwa kwenye umbo lake, hukatwa mdomo kama limerefuka, kisha hujazwa upya. Likionyesha ufa shingoni, limezeeka, linawekwa kando.

Nilidhani kazi hiyo ni ya mikono. Yaya alinisahihisha: ni kazi ya mizani na daftari. Baruti hupimwa kwa kipimo kidogo kinachoitwa grein. Mizani ya yule mzee inasoma hadi sehemu moja ya kumi ya grein, ambayo ni chini ya sehemu moja ya mia ya gramu. Nyote mliowahi kusimama mbele ya mnunuzi wa dhahabu hapa Butembo, au kule Manguredjipa, mnajua watu wanavyozuia pumzi mizani inapotulia. Ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba hapa hakuna anayemwibia mwenzake.

Na dhahabu ndiyo iliyomfanya mama asikilize kwa mara ya kwanza. Yaya anatumia bunduki ya aina ya .30-06, ambayo risasi yake ilianza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1906 na baadaye ikapendwa sana na wawindaji. Kichwa alichochagua kina uzito wa grein 180. Nikafanya hesabu: ni gramu 11.66. Nikaihesabu tena, sababu namba hiyo niliijua tangu utotoni. Ni tola moja kamili, tola ileile ambayo wachimbaji wetu hupimia dhahabu. Nilipomwambia mama, alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Tola moja," akasema. "Kwa tola moja ya dhahabu watu wa kwetu wameuawa, na kumbe kitu kinachowaua kina uzito huohuo."

Sikuwa na jibu. Nimeliandika hapa kama alivyolisema.

Nikaendelea kumsomea. Kwa nini mizani kali namna hiyo? Risasi ikitoka kwenye mdomo wa bunduki huanza kuanguka papo hapo, kama jiwe lolote. Hairuki kwa mstari ulionyooka, ingawa sinema zinatudanganya. Ile ya yaya hutoka na mwendo wa karibu mita 820 kwa sekunde. Kama leo inatoka na mwendo huo, na kesho, kwa sababu ya baruti iliyopungua au ganda lililo tofauti, inatoka ikiwa pungufu kwa mita 20 kwa sekunde, kwenye mita 100 hutaona tofauti. Kwenye mita 500 itaingia chini zaidi kwa upana wa kiganja na zaidi. Kiganja hicho ndicho tofauti ya mnyama anayeanguka papo hapo na mnyama anayekimbia na jeraha tumboni, akaenda kufia pahali usipoweza kumwona. Kwa hiyo kazi yote ya mezani ina lengo moja: risasi ya ishirini ifanane na risasi ya kwanza.

Jinsi ya kufika huko inahitaji uvumilivu. Wanaanza na kipimo cha chini kilichochapishwa kwenye vitabu vya watengenezaji wa baruti, hawajibunii. Wanaongeza kidogo kidogo, wanajaza chache kwa kila kipimo, wanakwenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha, wanapiga polepole wakiacha mdomo wa bunduki upoe. Kifaa kidogo kinapima mwendo wa kila risasi. Wanaangalia matundu kwenye karatasi: yamekusanyika au yametawanyika? Wanaangalia pia maganda, sababu ganda husema ukweli. Kile kidude cha kitakoni kikitoka kimekuwa bapa sana, au ganda likiwa gumu kutoka, presha imepita kiasi, na hapo unarudi nyuma, huendi mbele. Bunduki inaweza kupasuka mbele ya uso wako. Kila kitu kinaandikwa kwenye daftari: tarehe, aina ya baruti, uzito, ganda limetumika mara ngapi, hewa ilikuwa baridi au joto. Hata joto lina kazi yake, sababu baruti nyingi huwaka kwa nguvu zaidi siku ya joto. Kipimo kilichofanya vizuri mwezi wa saba kinaweza kubadilika mwezi wa kumi na moja penye theluji.

Yule mzee ana sheria za meza yake. Aina moja tu ya baruti mezani, nyingine zote zimefungiwa kabatini. Hakuna sigara, hakuna simu, hakuna mazungumzo. Mtu aliyechoka au aliyegombana na mke wake haruhusiwi kukaa pale. Na kipimo cha bunduki yako usimpe jirani, hata kama anakuomba kwa upendo, sababu kinachotulia katika bunduki yako kinaweza kuivunja ya kwake.

Baada ya juma la pili mama alianza kuuliza maswali yeye mwenyewe. Yalikuwa matatu, na mimi niliyapeleka kama yalivyo.

La kwanza: "Anampiga mnyama kutoka mbali namna hiyo kwa nini? Baba yake alisogea mpaka akaona jicho." Ni kweli. Bunduki ya mzee ilikuwa ya chembe, na zaidi ya mita 35 au 40 chembe hutawanyika, zinajeruhi bila kuua. Msituni kwetu miti ni mingi, huwezi kuona mbali hata ukitaka. Montana ni milima iliyo wazi, na mnyama anakuona wewe kabla hujamwona. Lakini jibu la yaya lilimfurahisha mama kuliko nilivyotarajia. Alisema risasi zake zinaweza kufika mita 500, ila yeye mpaka wake ni 300. Mzee jirani alimpa kipimo chenye akili: chukua sahani ya kulia chakula, iweke mbali, ukae chini kwenye nyasi kama utakavyokaa siku ya kuwinda, si kwenye meza. Umbali ambao risasi tano zote zinaingia ndani ya sahani, huo ndio umbali wako. Ukipita hapo unacheza kamari na uchungu wa mnyama. Tena kuna upepo. Upepo wa kawaida tu wa kilometa 16 kwa saa, ukivuma kwa ubavu, unaweza kuisukuma risasi ile karibu nusu mita ikifika mita 450. Hakuna mizani inayopima upepo wa bonde la ng'ambo.

La pili: "Watoto wako wapi wakati anapima baruti?" Yaya akajibu kwamba kazi hiyo haifanyiki nyumbani kwake. Inafanyika kwa mzee, gereji imefungwa kwa ufunguo, na bunduki inakaa ndani ya kabati la chuma. Yeye mwenyewe, kwa kuwa alizaliwa baada ya mwanzo wa mwaka 1985, alilazimika kusoma masomo ya usalama wa uwindaji kabla ya kupewa kibali. Alikaa darasani pamoja na watoto wa shule, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu. Na porini huvaa fulana ya rangi ya machungwa inayong'aa, kama sheria ya Montana inavyodai, ili mwindaji mwingine asimdhanie mnyama. Mama alitikisa kichwa. "Kwetu," akasema, "mwindaji akionekana na bunduki, anadhaniwa adui. Kule wanamvalisha nguo ili aonekane."

La tatu lilikuwa la mama jikoni: "Na ile risasi, yaani ule madini yenyewe, anaitoaje kwenye nyama?" Mama ameosha nyama ya porini miaka thelathini. Amezikuta chembe za risasi kwenye paa na nguruwe, amezitema akizikuta mezani, na hakujua kwamba ni sumu. Madini ya risasi yakiingia mwilini huharibu ubongo, hasa wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kichwa cha risasi chenye madini hayo ndani, kikimpiga mnyama kwa mwendo mkubwa, hutawanya vipande vidogo mno ambavyo jicho halivioni, mbali na tundu lenyewe. Jimbo la California limepiga marufuku kuwinda kwa risasi za madini hayo tangu mwaka 2019. Kuna vichwa vya shaba tupu visivyovunjika hivyo. Yaya alikuwa amejaza vile vya kawaida. Siku iliyofuata alinipigia: yeye na mzee wamenunua vya shaba, na daftari limeanzwa upya, sababu kichwa kikibadilika kila kitu kinapimwa tena toka chini. Msimu wa bunduki kule ni majuma matano tu, na juma lake la kwanza lilipita yeye akiwa bado uwanjani anapima.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja alimpata jike la elk, mnyama kama kulungu lakini mkubwa zaidi. Risasi moja, kutoka mita 180. Kule sheria inakataza kuacha nyama inayolika porini, na yeye hakuwa na haja ya kukumbushwa. Walibeba mpaka usiku. Nyama iligawanywa kwa mzee jirani na kwa familia za Wakongomani wa mji ule, na picha aliyotuma mara hii ilikuwa ya watoto mbele ya bugali na sombe, midomo imejaa.

Mama aliipokea simu yake siku hiyo. Aliongea naye muda mrefu, kwa Kinande, na mimi nikatoka nje. Baadaye alinieleza aliyomwambia: nyama ale, watoto wale, na Mungu ambariki yule mzee wa Laos. Lakini picha za risasi asizitume tena, wala asimwite yeye akiwa amekaa kwenye meza ile. "Nimeelewa kazi yake," akasema. "Kuelewa hakuondoi usiku ule." Yaya amekubali. Hawakupatana zaidi ya hapo, na mimi sioni kama inahitajika.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaojiandaa kurudi vijijini, na ninyi ambao watoto wenu wanaokota shaba ili wauze kwa kilo. Nimewaona hapa pembeni mwa mji wakicheza na maganda, na mara mbili nimeona risasi nzima, yenye kichwa chake, ndani ya kopo la mtoto. Nilipomweleza yaya, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yule mzee, mwenye mizani, vitabu, na miaka yote ile ya kazi, hagusi risasi asiyojua imetoka wapi. Haifungui kutafuta baruti, haigongi, haijaribu katika bunduki yake. Hajui ndani mna nini.

Basi sisi tusiokuwa na mizani tufanye nini? Risasi iliyolala shambani kwa mvua na jua siyo chuma chakavu. Usiigonge kwa jiwe ili utoe shaba, usiitupe motoni, usimpe fundi aifungue. Ukikuta kitu kikubwa zaidi, chenye mabawa, chenye pini, au umbo usilolijua, usisogee na usikiguse kwa fimbo. Rudi kwa njia ileile uliyojia, weka alama mbali nacho, zuia watoto, ukatoe taarifa kwa mkubwa wa kijiji, kwa polisi, au kwa mashirika yanayoondoa mabaki ya vita. Waambieni watoto leo jioni, kabla ya kulala. Waulizeni pia kile wanachoficha kwenye makopo yao. Ulizeni kwa upole, sababu mtoto akiogopa kupigwa atakificha zaidi.